Namna ya Kuthaminisha Boti kwa Ajili ya Kodi, Bima au Mahakama: Mwongozo kwa Wenye Vyombo Ziwa Nyasa

Boti ya marehemu baba yangu mkubwa, ambayo kwa miaka mitatu ilibeba abiria, samaki na vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe hadi Lyulilo pale Matema, ilipewa thamani tatu ndani ya mwaka mmoja. Katika vitabu vya hesabu vya biashara yake ilisomeka shilingi 8,437,500. Mthamini aliyeletwa kwa ajili ya mirathi aliandika shilingi milioni 14. Fundi aliyeulizwa ingegharimu kiasi gani kuunda nyingine iliyo sawa na hiyo na kuifunga mashine mpya alisema milioni 26, na hicho ndicho kiwango tulichoshauriwa kukitazama tulipofikiria bima. Katika kikao cha ukoo watu waliinuka wakitaka kujua nani kati ya hao watatu anawadanganya, na ilichukua jioni nzima kuwaeleza kwamba hakuna, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameulizwa swali lake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye boti wa Kyela, Ludewa au Mbamba Bay ambaye ameambiwa na ofisi fulani alete ripoti ya uthamini na hajui aanzie wapi. Wavuvi wa bwawa la Mtera upande wa Migoli watakuta mengi yanawahusu pia, ingawa kuna jambo moja linalowatofautisha, nalo nimeligusa mahali pake.

Hatua ya kwanza: Amua ripoti itasomwa na nani

Watu wengi humpigia mthamini simu kwanza, kisha wakafikiria matumizi ya ripoti baadaye, na hapo ndipo fedha hupotea. Mthamini hawezi kuanza kazi kabla ya kujua madhumuni, kwa sababu madhumuni ndiyo yanayochagua aina ya thamani itakayotafutwa. Bei ya soko ni ile ambayo mnunuzi na muuzaji, wote wakiwa na taarifa na bila kulazimishwa, wangekubaliana siku hiyo. Gharama ya kuunda upya ni jambo jingine, bei ya kuuza kwa haraka, ambayo benki hupenda kuiona, ni ya chini zaidi, na thamani ya chakavu ni ya mbao na chuma tu.

Tuanze na kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huviweka vyombo vya majini vya biashara katika daraja la pili la mali zinazochakaa, ambalo hupunguzwa asilimia 25 ya salio kila mwaka. Boti iliyogharimu milioni 20 hupungua milioni 5 mwaka wa kwanza na kubaki milioni 15. Mwaka wa pili hupungua 3,750,000 na kubaki 11,250,000. Mwaka wa tatu hupungua 2,812,500, na hapo ndipo ilipotoka ile 8,437,500 iliyowashtua ndugu zangu. Hiyo ni hesabu ya kalamu, wala haihitaji mtu kuja mwaloni. Mwenye boti aliyehifadhi risiti zake hana sababu ya kumlipa mthamini kila mwaka kwa ajili ya TRA.

Uthamini huhitajika upande wa kodi pale ambapo kumbukumbu hazipo au haziaminiki. Mfano wa kawaida kwetu ni boti iliyoundwa kidogo kidogo, mbao zikinunuliwa leo, misumari mwezi ujao, na fundi akilipwa nusu kwa fedha na nusu kwa mchele wa Kyela. Mfano mwingine ni baba kumuuzia mwanawe boti kwa milioni 2 ilhali kila mtu mwaloni anajua ina thamani ya milioni 12. Mauziano kati ya watu wenye uhusiano hayapimwi kwa bei waliyoandikiana tu, bali kwa bei ambayo watu wasiohusiana wangekubaliana. Katika hali hizo ripoti ya bei ya soko iliyoandikwa mapema hukuokoa na mabishano ya baadaye.

Forodha ina utaratibu wake. Ikiwa umenunua boti au mashine nje ya nchi ukaipitisha bandari ya Dar es Salaam, Tunduma au Kasumulu, kinachotazamwa kwanza chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ni bei uliyolipa kweli kwa muuzaji, pamoja na nyongeza zinazotakiwa kisheria. Ripoti ya mthamini wako haichukui nafasi ya ankara. Itunze ankara hiyo kana kwamba ni hati ya kiwanja.

Kwa bima, swali linahusu siku ya hasara. Uliza kama mkataba utakuwa wa thamani iliyokubaliwa, yaani kiasi kinachoandikwa mwanzoni na kulipwa boti ikipotea yote, au wa bei ya soko ya siku ya ajali. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya ada ya bima inayokufanya usite. Jihadhari pia na kukata bima pungufu ili kubana matumizi. Tuseme boti ina thamani ya milioni 24, nawe umeikatia bima ya milioni 12, kisha upepo wa mwera ukaitupa kwenye mawe na kuleta uharibifu wa milioni 6. Pale ambapo mkataba una kanuni ya uwiano, utalipwa milioni 3 tu, kwa kuwa ulikuwa umeikatia bima nusu yake.

Kwa mahakama, jambo kubwa ni tarehe. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu, kwa Fomu Namba V, ndani ya miezi 4, na boti ni mali kama nyumba au ng'ombe. Katika shauri la ndoa, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika kupata mali hiyo, kwa hiyo ripoti inayotenganisha bodi ya boti na mashine iliyonunuliwa baadaye ina manufaa kuliko ile inayotoa jumla moja. Muulize wakili au karani wa mahakama thamani inatakiwa iwe ya tarehe ipi, uandike jibu hilo kwenye daftari kabla hujalisahau.

Hatua ya pili: Kusanya nyaraka kabla ya kumwita mtu

Weka pamoja cheti cha usajili wa chombo, cheti cha ukaguzi wa usalama kutoka TASAC, yaani shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, ikiwa boti inabeba abiria au mizigo, leseni ya uvuvi ikiwa inavua, hati ya mauziano au makubaliano yako na fundi, risiti za mashine, na kumbukumbu za matengenezo. Kama una picha za boti ilipokuwa ikiundwa, mifupa yake ikiwa bado wazi, zitoe hata kama zimo kwenye simu iliyopasuka kioo, kwa sababu baada ya boti kufunikwa mbao hakuna mkaguzi anayeweza kuona tena mataruma, yaani mbavu za boti, yalifungwa kwa misumari ya aina gani.

Hakikisha namba iliyopakwa rangi ubavuni mwa boti ndiyo iliyo kwenye cheti. Linaonekana jambo dogo, lakini boti nyingi za familia zimepakwa rangi mara tatu na kijana aliyepewa brashi, naye hakujali kama 3 imegeuka kuwa 8. Nenda pia kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo wako uwaombe barua ya kukutambua kuwa mmiliki. Barua hiyo haithibitishi bei, ila humwondolea mthamini shaka ya kuthamini mali ya mtu mwingine.

Kwa mashine, andika namba yake mwenyewe ukiisoma kwenye bamba lililo karibu na mabano yanayoishika mashine nyuma ya boti, kisha uilinganishe na risiti. Mashine iliyovushwa kutoka Malawi kupitia Kasumulu bila karatasi za forodha itafanya kazi vizuri majini, lakini mthamini makini ataandika kwamba uhalali wake haukuthibitishwa, na sentensi hiyo moja inatosha kuifanya kampuni ya bima iiache nje ya mkataba.

Hatua ya tatu: Mpate mtu sahihi, au watu wawili

Hapa pana mkanganyiko mwingi. Mkaguzi wa TASAC hutazama kama chombo ni salama na kinafaa kusafiri. Cheti chake si ripoti ya bei, ingawa ripoti ya bei isiyotaja cheti hicho ina pengo. Mkadiriaji wa hasara aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, huja baada ya ajali kupima kilichoharibika. Mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, ndiye mwenye taaluma ya kutamka thamani na kuitetea. Fundi boti anajua mbao kuliko wote hao, lakini muhuri wake hautambuliki mbele ya hakimu au meneja wa benki.

Wathamini wengi walio Mbeya na Iringa hushughulikia viwanja, nyumba na mashamba ya chai na miti. Hilo si kosa lao, kwani ndiyo kazi iliyopo. Basi usione haya kumuuliza kwa upole kama amewahi kuthamini chombo cha majini, na kama bado, yuko tayari kufuatana na fundi boti na fundi mashine watakaompa taarifa za kiufundi za kuambatisha. Kwa maoni yangu mpango huo wa watu wawili au watatu ndio unaofaa zaidi katika mwambao wetu, kwa sababu mthamini hubeba wajibu wa kisheria nao mafundi hubeba ujuzi wa chombo. Fundi aliyeiunda boti hiyo hafai, wala jamaa anayeitamani kuinunua.

Omba namba ya usajili ya mthamini na uihakiki kwa Bodi. Akikuambia ada yake itakuwa asilimia fulani ya thamani atakayoiandika, mshukuru na utafute mwingine, kwa kuwa ada ya namna hiyo humpa sababu ya kuikuza bei, na wakili wa upande wa pili hatakosa kuitaja.

Hatua ya nne: Andikianeni

Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Itaje madhumuni, aina ya thamani, tarehe ya thamani, mahali boti ilipo, nani analipa gharama za kuivuta nchi kavu, ada na nauli, siku ya kupokea rasimu, idadi ya nakala, na kama mthamini atakubali kufika mahakamani kutoa ushahidi akiitwa, pamoja na malipo ya siku hiyo. Kipengele hiki cha mwisho husahaulika sana. Ripoti isiyo na mtu wa kuitetea inaweza kukataliwa upande wa pili ukiipinga. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, kwani ada hiyo ni gharama ya biashara kama boti ni ya biashara.

Hatua ya tano: Iandae boti bila kuipamba

Boti inapaswa kukaguliwa ikiwa nchi kavu na pia ikiwa majini. Panga kazi hiyo kwa kuufuata msimu. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na kuanzia Machi hadi Mei utajikuta unamlipa mthamini alale nyumba ya wageni akisubiri mvua ikatike. Miezi ya kiangazi ni mizuri, ila kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera huamka kwa ghafla na kulichafua ziwa, kwa hiyo jaribio la majini lipangwe asubuhi na mapema.

Ivute boti juu ya magogo siku mbili au tatu kabla ya ukaguzi, ili mbao zikauke kiasi cha kuonyesha unyevu uliojificha. Usiiache wiki tatu. Mbao zikikauka kupita kiasi hujikunja, viungo vikafunguka na kalafati, ile pamba iliyoviziba, ikachomoza, na mgeni wa mambo ya vyombo ataandika kwamba boti ina nyufa pande zote, ilhali ikirudishwa majini siku moja tu mbao hulowa, hutanuka na viungo hujifumba. Nimewahi kuona boti nzima ya jirani ikishushwa thamani kwa sababu hiyo, na mwenyewe hakujua la kujibu.

Ondoa maji na matope yote kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, inua sakafu ya mbao inayokanyagwa, na panga vifaa pembeni: nanga na kamba, makasia, jaketi za kuokolea maisha, tangi la mafuta, taa, turubai. Vifaa huthaminiwa kwa orodha yake, na visipoonekana havihesabiwi.

Usipake rangi. Najua inauma kumwonyesha mgeni boti iliyobanduka rangi, lakini rangi mbichi humfanya mkaguzi ajiulize kinachofichwa, naye atakuwa na haki.

Hatua ya sita: Siku ya ukaguzi, kaa karibu na utazame

Mthamini wa kwanza tuliyempata kwa boti ya baba mkubwa alizunguka nje ya boti, akapiga picha nane, akauliza ilinunuliwa kiasi gani, na kwa dakika 20 alikuwa amemaliza. Alikuwa amezoea vyombo vya pwani, kwa hiyo alichokitafuta ni kutu ya chumvi na matundu ya wadudu wa baharini watobozi wa mbao. Hakuyaona, akasema boti ni nzima. Ziwa Nyasa ni maji baridi, yasiyo na chumvi wala wadudu hao, na adui wa boti zetu hatokei ziwani bali juu. Maji ya mvua yanayotuama ndani huozesha mbao upesi, ilhali maji ya chumvi huzihifadhi kwa kiasi fulani. Anayeikagua boti ya Matema kwa macho ya Bagamoyo atatazama mahali pasipo.

Wa pili alikuja na fundi mzee wa palepale mwaloni. Mzee yule hakuzunguka nje. Aliingia ndani, akapiga magoti chini ya benchi la nyuma, akakisugua kipande cha mbao kwa kiganja, kisha akaninyooshea mkono bila kugeuka.

"Mwanangu, nipe hiyo bisibisi."

"Hii hapa, mzee."

Aliikita kwenye ubao uliokuwa unang'aa rangi ya buluu, nayo ikazama hadi kwenye mpini, bila sauti, kama inayochomwa kwenye ndizi iliyoiva. Aliichomoa ikiwa na unga mweusi uliolowa. Akahamia pembeni kwa upana wa kiganja, akachoma tena, ikagoma. Akaendelea hivyo akifuata mkuku, yaani mti wa chini wenye kubeba boti, hadi omo, yaani mbele, akiweka alama ya chaki kila palipokubali. Mwisho alimwambia mthamini kwamba mbao nne na taruma mbili zibadilishwe, na kwamba zilizobaki ni mninga mzuri usio na tatizo. Mthamini hakuitupa boti nzima kwa ajili ya mbao nne. Alikokotoa gharama ya kuzibadilisha, mbao na siku za fundi, ikawa 1,200,000, akaitoa kwenye bei ya boti zisizo na uozo za umri huo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanyika, na kama mthamini wako hana bisibisi wala kisu, muulize kwa heshima ataujuaje uozo.

Aina ya mbao nayo iandikwe. Paini ya Sao Hill ni nafuu na hupatikana kirahisi, na boti za paini zinaongezeka mwambaoni, lakini ikiwa haikutiwa dawa ipasavyo haidumu kama mvule au mninga. Boti mbili zenye urefu mmoja na umri mmoja zinaweza kuachana bei kwa sababu hiyo peke yake. Kwa boti ya fiba, mkaguzi hugonga bodi pole pole kwa nyundo ndogo akisikiliza: palipo pazima hutoa mlio mkavu, na palipoachana matabaka hutoa mlio mzito uliokufa.

Vipimo visikadiriwe kwa hatua za miguu. Urefu kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma, upana mkubwa zaidi na kina vipimwe kwa tepu mbele yako, kwa sababu vipimo vya ripoti vikitofautiana na vya cheti cha usajili, msomaji wa kwanza atakayeviona ataitilia shaka ripoti yote.

Mashine ithaminiwe peke yake. Katika boti ndogo mashine inaweza kubeba karibu nusu ya thamani yote, na huchakaa kwa mwendo tofauti na bodi. Fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda. Namba zikikaribiana ni dalili njema, na zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, basi ndani pana jambo. Atazame mafuta ya gia kama yamegeuka rangi ya maziwa, ambayo ni alama ya maji kuingia, na pangaboi kama lina makovu ya mawe. Kisha boti ishushwe, iendeshwe kwa mwendo wa juu kwa muda wa kutosha mashine ipate joto, na kasi isomwe kwenye simu.

Kuna mazoea ya kuipeleka mashine Mbeya mjini na kuiwasha kwenye pipa la maji ili mthamini asipate taabu ya kuteremka Kyela. Usikubali. Mashine kwenye pipa haivuti mzigo, hivyo haionyeshi udhaifu wake. Tena Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na ziwa liko kwenye mita 475 hivi, na mashine isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Utakuwa umeipima mashine ya ziwani kwenye hewa ya mlimani.

Bei za kulinganisha ndizo roho ya thamani ya soko. Mthamini aulize boti zilizouzwa kweli katika miezi ya karibuni, Matema, Itungi, Lupingu, Liuli au Mbamba Bay, siyo bei zinazotajwa na wauzaji wenye matumaini. Hapa ndipo wa Mtera wanapotofautiana nasi: boti ya Migoli haijaundwa kupambana na mawimbi ya Nyasa, nayo inategemea bwawa ambalo kina chake hupanda na kushuka, kwa hiyo bei za Matema zisitumike kule wala za kule zisitumike huku.

Hatua ya saba: Soma rasimu kwa kalamu mkononi

Rasimu isomwe na mtu anayeijua boti, pamoja na mtu anayejua karatasi. Ripoti iliyokamilika hutaja jina la mmiliki, madhumuni, aina ya thamani, tarehe ya ukaguzi na tarehe ya thamani, maelezo ya chombo na namba zake, hali yake, njia ya kukokotoa na sababu ya kuichagua, bei za kulinganisha, mipaka ya ukaguzi, picha, kisha jina, namba ya usajili, saini na muhuri. Mahali ambapo mthamini hakuweza kufika paandikwe waziwazi, kwa mfano kwamba mkuku haukuonekana wote kwa sababu boti iliegemea mchanga. Kukiri namna hiyo huipa ripoti nguvu.

Kosa lililotugharimu sisi lilikuwa kwenye tarehe. Mthamini aliandika thamani ya siku aliyofika, ilhali kati ya kifo cha baba mkubwa na siku hiyo binamu yangu alikuwa ameondoa mashine ya nguvu za farasi 15 na kufunga ya 40 kwa fedha zake. Milioni 14 ile ikawa imechanganya mali ya marehemu na mali ya aliye hai, na wote wawili waliona wamedhulumiwa. Hakimu aliirudisha ripoti. Ilibidi mthamini aje tena, aithamini mashine ya zamani iliyokuwa imelala stoo Ipinda, na aandike thamani ya boti kama ilivyokuwa siku ya kifo. Tulilipa nauli mara mbili, tukaongeza na nusu ya ada ya kwanza.

Unaruhusiwa kumwomba mthamini asahihishe ukweli uliokosewa, kama urefu, mwaka au namba. Huruhusiwi kumwomba abadilishe bei kwa sababu haikupendezi. Akikubali hilo la pili, jua kwamba akiombwa na upande wa pili pia atakubali.

Hatua ya nane: Iwasilishe, na ujue pa kwenda pakiharibika

Kampuni ya bima ipewe nakala kabla ya kulipa ada, nawe upokee mkataba unaotaja kiasi kilekile. Soma yasiyolipwa: uozo na uchakavu wa kawaida kwa desturi havimo, na kuzidisha abiria au kusafiri bila cheti halali kunaweza kuyafuta madai yako yote. Ajali ikitokea, piga picha kabla ya kuivuta boti, toa taarifa polisi na kwa bima bila kuchelewa, na usianze kuitengeneza kabla mkadiriaji wa hasara hajafika. Mkishindwana, peleka lalamiko kwa maandishi kwenye kampuni yenyewe kwanza; usiporidhika, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako huhitaji kwenda na wakili.

Kwa TRA, ripoti hukaa kwenye jalada lako pamoja na risiti, nayo ihifadhiwe kwa miaka isiyopungua 5. Mahakamani, wasilisha ripoti halisi na ubaki na nakala iliyothibitishwa. Katika shauri lenye mvutano, upande wa pili una haki ya kumhoji mthamini, kwa hiyo mpe taarifa ya tarehe mapema, maana kutoka Mbeya mjini hadi Kyela kupitia Tukuyu ni zaidi ya kilomita 100.

Ripoti ya boti huzeeka upesi kuliko ya kiwanja. Ukibadilisha mashine, ukiongeza urefu, au boti ikipata kishindo kikubwa, omba marekebisho hata kama mwaka haujaisha. Binamu yangu, ambaye hatimaye alikabidhiwa boti ile baada ya kuwalipa ndugu zake sehemu zao, sasa huandika namba ya mashine kwa rangi nyeupe ndani ya benchi la nyuma, juu ya zile mbao nne mpya, pamoja na tarehe aliyoifunga.